Jogoo wa Kamati ya Pesa Safi

Nilifika Kasulu kutokea Kibondo nikiwa na spika moja, betri ya gari na katoni ya dawa ya panya. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka minadani huku spika ikirudia sauti yangu niliyoirekodi mwenyewe: dawa ya panya, mende, kunguni, weka jioni, fagia asubuhi. Kibondo walikuwa wameshanizoea. Mji ukikuzoea haununui tena, unabaki kukusalimia tu, na mimi watu wakianza kuniuliza habari za nyumbani najua ni wakati wa kutafuta basi. Hata shule niliiacha hivyo hivyo, darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona lori likipita dirishani nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Manyovu, na huko Manyovu nikakuta malori mengine.

Nje kidogo ya mji wa Kasulu, barabara ya kwenda Nyarugusu, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi ya jirani. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana. Yeye amezaliwa huku, ni raia wa huku, na akikasirika anarudi kwenye Kirundi kama mtu anayeingia ndani kuchukua fimbo. Asubuhi tulisalimiana kwa makofi kama ilivyo desturi: unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza hali ya watu mpaka ya mbuzi. Yeye hakuwahi kufika kwa mbuzi. Akifika kwenye watoto kikohozi kinamkata, anashika ukuta, kikiisha anaendelea pale pale alipoishia kama redio iliyopotea mawimbi ikarudi.

Kikohozi kilitoka jikoni. Alikuwa akipika makande ya shule nzima juu ya mafiga, kwenye chumba chenye mlango mmoja, na moshi ulikuwa haujui pa kutokea isipokuwa kupitia kwake. Muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi: mama, ama moshi utoke jikoni, ama utoke wewe. Wakati huo huo shule zilikuwa zimeagizwa kwamba wanaopikia watu wengi waache kuni na mkaa. Kwa hiyo kamati ya shule ikapitisha azimio: muhula mpya ukifunguliwa pawe na jiko la kisasa lenye bomba la kutolea moshi, la sivyo jiko lifungwe na mpishi arudi nyumbani.

"Nirudi nyumbani nikakae wapi?" aliniambia jioni moja akichambua maharage. "Kwenye kiti? Mimi nimekaa kwenye kiti siku ya harusi yangu tu, na mgongo uliniuma."

Fundi wa kuchomelea mjini alishasema anaweza kulitengeneza jiko hilo: mwili wa chuma, tofali ndani, bomba linalopenya bati hadi juu, na lingewaka kwa mkaa mbadala ambao vikundi vya akina mama hutengeneza kwa magunzi na pumba. Alichotaka ni kulipwa kwanza. Ikaitishwa harambee, na kwa kuwa nilikuwa na spika, mama mwenye nyumba akanipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyekuwa ametoka kwenye semina Kigoma kuhusu shule kutafuta na kutumia fedha bila kuharibu mazingira wala kuumiza mtu. Watu huenda semina wakarudi na begi. Yeye alirudi ameamini. Na alikuwa na sababu. Shule ile iliwahi kutafuta fedha za kununua mapipa ya taka kwa kuwauzia watoto barafu za kwenye vifuko vya plastiki. Mapipa yalinunuliwa, na yakajaa siku hiyo hiyo kwa vifuko vya barafu. Mwaka mwingine kila mtoto aliambiwa alete gogo la kuni, magogo yakauzwa, na fedha ikanunua miche ya kupanda mahali ambapo watoto walikuwa wamekata magogo.

"Safari hii hatutafanya vichekesho," mwalimu mkuu aliniambia. "Kila shilingi tutaiuliza swali moja: umetoka wapi?"

Nilimpenda hapo hapo. Nimeishi maisha yangu yote nikiuliza vitu vimetoka wapi, na hakuna aliyewahi kuniundia kamati.

Ile yao waliiita Kamati ya Pesa Safi. Ilikaa darasa la nne, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mimi niliketi nyuma kusubiri niambiwe nitangaze nini, lakini walianza na mimi.

"Hiyo spika siku nyingine inatangaza nini?" aliuliza mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye tanuru la tofali huko bondeni.

"Dawa ya panya."

Wakatazamana. Mzazi mmoja akasema panya nao ni viumbe.

"Wape anwani yako," mwenyekiti akamjibu. "Kwangu wamejaa."

Ikakubaliwa spika itumike, ila betri ichajiwe kwa jua. Mwalimu wa sayansi alikuwa na paneli. Kisha wakaanza kupitia watu wa kualikwa kuchangia.

Wa kwanza alikuwa tajiri wa mkaa, mwenye malori na ghala pale mjini, mtu ambaye kila harambee hutoa zaidi ya wote. Alikataliwa bila mjadala. Huwezi kujenga jiko la kuokoa miti kwa pesa ya miti. Mwenye baa akakataliwa kwa ajili ya watoto. Mkulima wa tumbaku akakataliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa tumbaku, mara ya pili kwa kuni anazokaushia tumbaku. Wabadilisha fedha wa Manyovu walionekana hawana kosa la miti, lakini mwalimu wa sayansi alisema pesa yao imepita mikononi mwa watu wa nchi mbili na sisi hatuna uwezo wa kuwahoji wote.

Ndipo bodaboda aliyekuwa mjumbe akanyosha mkono. "Sasa sisi, mwalimu? Maana naona mnakaribia."

"Petroli," mwalimu mkuu alisema kwa upole.

"Na wewe umekuja hapa na nini leo?"

"Umenileta wewe."

"Basi jamani. Sote tumekula kadi nyekundu."

Muuza dagaa alipita, akarudishwa mtu mmoja alipokumbuka kwamba dagaa hukaangwa kwa kuni. Muuza ndizi alishangiliwa karibu dakika nzima mpaka bodaboda aliyekwisha kununa akasema ndizi zile wanazinunua wapika rubisi, pombe yenyewe, na yeye ndiye anayezipeleka. Sadaka ya kanisa ilijadiliwa kwa heshima, lakini kapu la sadaka linajazwa na watu wale wale. Mwisho mwalimu mkuu akasema basi walimu watoe mishahara yao.

Hapo na mimi nikashindwa kunyamaza. "Mshahara si unatokana na kodi? Na bia si inalipa kodi?"

Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyepata kiwavi kwenye mboga.

"Huyu aliishia darasa la ngapi?" aliuliza.

"La sita."

"Ungemaliza tungekoma."

Kisha mzazi yule wa panya akauliza kuhusu tofali. Mwenyekiti huchoma tofali kwa kuni, kila mtu anajua, na darasa tulilokuwamo lilijengwa kwa tofali za mwenyekiti. Mwenyekiti akageuka taratibu kuangalia kuta kama amesikia zikimsengenya. Mwalimu mkuu, ambaye sikuwahi kumwona akikwepa jambo, akasema kama ni hivyo kamati haiwezi kukaa ndani ya jengo hili ikijadili usafi. Tukabeba madawati tukaenda kukaa katikati ya uwanja wa mpira. Mvua ilikuja tulipofika kwenye ajenda ya mengineyo. Huku milimani mvua haibishi hodi. Tulikaa nayo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi kwenye tofali.

Mama mpishi akatutoa pale. Alikuja na birika la chai amejifunika ungo kichwani, akatumiminia, akasikiliza habari yote, akakohoa mpaka birika likatikisika, kisha akasema, "Mimi nina jogoo."

Jogoo yule nilimjua. Alilala nyuma ya mlango wangu. Aliletwa jikoni, wajumbe wote wakamzunguka wakidondosha maji. Alitotolewa pale pale shuleni nyuma ya mafiga. Alikula punje zilizodondoka na wadudu waliojileta wenyewe. Hakununuliwa, hakusafirishwa, hakufungwa kwenye plastiki.

"Hajawahi kupanda gari," alisema mwenyekiti kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu.

"Wala pikipiki," bodaboda akaongeza kwa uchungu.

Basi jogoo akapita. Kitu kimoja kisafi katika wilaya nzima. Na hapo mwenyekiti, ambaye amefanya biashara tangu ana meno ya utoto, akaona njia. Zawadi ya tajiri wa mkaa hatuwezi kuipokea, alisema, kwa sababu ukipokea zawadi unapokea na mkono. Lakini tukiwa tunauza kitu halali, kwa bei ya wazi, mnunuzi analipa deni la alichonunua. Sokoni nani anauliza noti imelala wapi? Mwalimu mkuu alifumba macho akatafakari muda mrefu. Akasema hawezi kuona kosa, ingawa anahisi lipo mahali. Mimi pia nililihisi, na mpaka leo sijalikamata.

Tangazo nililopewa, sijawahi kutangaza mfano wake. Mwalimu mkuu alitaka tuwe wakweli mbele ya watu. Kwa hiyo nilizunguka Kasulu, stendi, sokoni, mpaka njia ya chuo cha ualimu, spika ikisema kwamba shule inafanya harambee ya jiko lisilo na moshi. Kwamba zawadi kutoka kwa wafanyabiashara wa mkaa, pombe, tumbaku, mbao, tofali za kuchoma, petroli, dagaa na ndizi hazitapokelewa. Na kwamba wote waliotajwa wanakaribishwa sana kuja kununua jogoo.

Nilipopita mbele ya ghala la mkaa, tajiri mwenyewe alitoka mlangoni. Alikuwa na koti la suti lenye vumbi jeusi mabegani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Rudia hapo kwenye mkaa," alisema.

Nikarudia.

"Nimetajwa wa kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa," akasema, akaingia ndani.

Siku yenyewe uwanja ulijaa kuliko sikukuu. Nadhani watu walitaka kumwona kiumbe aliyewashinda. Hapakuwa na maputo wala chupa za maji, tulipamba kwa majani ya migomba na watu wakanywa kwa vikombe vya shule kwa zamu. Mgeni rasmi hatukuwa naye, maana kila aliyefaa kuwa mgeni rasmi alikuwa na gari kubwa. Watoto waliimba. Jogoo aliketi juu ya meza ya mwalimu mkuu, mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya mgomba.

Fundi wa jiko naye alikuja. Alisimama kando ya ndoo ya kuwekea pesa, na kwa kuwa mama mpishi hakusoma hesabu na hakutaka kuelezwa habari za maelfu na malaki, walikubaliana fundi amwonyeshe kwa mkono. Kila ndoo ikipokea, fundi angeonyesha kwenye mwili wake jiko limefika wapi. Kichwani ndipo lingekuwa limekamilika, na juu ya kichwa ndilo bomba.

Kwa wasiojua minada yetu ya harambee: unanunua kitu kwa bei ya kichaa, unapigiwa makofi, kisha unakirudisha kiuzwe tena. Hakuna anayeondoka nacho. Keki moja inaweza kuuzwa mpaka ikauke. Nilimnadi jogoo yule kwa nguvu zote nilizojifunza kwenye dawa ya panya. Mwenye baa alimnunua, akamrudisha kwa jina la mama mkwe wake. Fundi akagusa kifundo cha mguu. Mkulima wa tumbaku akamnunua, akamrudisha kwa jina la watoto wote wa darasa la saba. Fundi akagusa goti. Bodaboda wa kituo kizima walichanga wakamnunua kwa pamoja, wakampigia honi ya mdomo kwa sababu pikipiki walikuwa wameziacha barabarani.

Mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayeuza vitenge, alisogea mbele akamchungulia jogoo usoni. "Kuku yenu iko propre, iko safi, siwezi bisha," aliniambia. "Lakini mie naomba kujua, kitenge iko na kosa gani?"

"Hakijajadiliwa, mama."

"Basi niko naficha kwanza," akasema, akanunua jogoo, akamrudisha. Fundi akagusa kiuno.

Mama mpishi alikaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, macho kwa fundi. Hakumtazama jogoo wake hata mara moja. Fundi alipofika kifuani, nilimwona akivuta pumzi ndefu kama anaijaribu.

Ndipo tajiri wa mkaa aliposimama. Alitaja bei ambayo nilipoirudia spika ilipiga kelele yenyewe, kwa sababu nilisahau kuweka kipaza sauti mbali na mdomo. Watu wakanyanyuka. Alikuja mbele, akahesabu noti polepole ndani ya ndoo, mkono wa fundi ukapanda mabegani, shingoni, ukakaa utosini. Jiko limekamilika. Limebaki bomba.

"Nikishalipa, ni wangu?" tajiri alimuuliza mwenyekiti.

"Ni wako."

"Si zawadi. Nimenunua."

"Umenunua, tajiri."

"Vizuri," akasema. Akafungua kamba, akamtia jogoo kwapani, akaanza kuondoka.

Nadhani hakuna aliyejua kanuni inasema nini. Tajiri alitembea katikati ya watu, jogoo akitazama nyuma. Waliokuwa na noti mkononi wakingoja zamu walibaki wamezishika hewani. Walitaka kutoa na hawakuwa na cha kununua, na zawadi zilikuwa zimekatazwa kwa spika.

Fundi aliulizwa kama anaweza kujenga bila bomba. Alisema anaweza, litawaka vizuri sana, na moshi wote utatokea mdomoni mwa jiko, yaani usoni kwa mpishi.

Mama mpishi akanyanyuka. Marehemu mumewe na tajiri walisoma pamoja, kwa hiyo tajiri ni shemeji yake, na shemeji huambiwa chochote.

"Shemeji," alimwita. "Unakwenda wapi na mume wa kuku zangu?"

Tajiri akasimama. "Nyumbani. Nimemnunua."

"Utamfanya nini?"

"Nitamla."

"Atapikwa na nani?"

"Si mke wangu yupo?"

Mke wake alikuwa pale pale na mtoto mgongoni. "Mimi huyo simpiki," alisema bila kuinua sauti. "Watoto wako wanne wanakula hapa shuleni. Kampike wewe, mkaa unao."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuuma tajiri kuliko spika yangu. Akageuka. Alisema yeye ametoa kwenye harambee za shule hii tangu ikiwa na darasa moja. Dawati wanalokalia, bendera, mpira. Leo anapitishiwa spika mlangoni aambiwe mkono wake ni mchafu, lakini mfuko wake uje. "Semeni kwa spika hiyo hiyo kwamba zawadi yangu inapokelewa, nami nitamrudisha."

Wote tukamwangalia mwalimu mkuu. Alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili. Nilijua anamtaka mama yule apone kuliko mtu yeyote pale. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, madawati nakushukuru. Lakini nikisema hivyo leo, kesho nitawafundisha nini watoto?"

"Oya, hapana," mama mpishi akasema. Alimsogelea tajiri, akakohoa, kikohozi kikamwachia. "Wewe na shule mtagombana mpaka nife. Mimi si shule. Mimi sina kamati. Nipe mimi."

Tajiri alimtazama. "Nikikupa wewe ni zawadi?"

"Ego, ndiyo. Napokea kwa mikono miwili." Akainyosha, akainama, akapiga makofi mawili taratibu kama inavyotakiwa.

Sijui alichokumbuka yule tajiri, labda rafiki yake marehemu. Akamtoa jogoo kwapani akamweka mikononi mwa shemeji yake. Mama akageuka, akaja mpaka mezani, akamweka. "Haya, muuzeni tena."

Ningemnadi sekunde ile ile, lakini mzazi wa panya alinyosha mkono. Ubavu wa jogoo ulikuwa mweusi. Koti la tajiri lilikuwa limempaka vumbi la mkaa kuanzia bawa mpaka mkia.

Kamati ikakaa kikao cha dharura pale pale tumesimama. Swali lilikuwa hili: jogoo aliyemilikiwa na mkaa kwa hatua chache bado ni msafi? Mwalimu wa sayansi alisema alichochafuka ni nje tu. Mwenyekiti akasema kitu kikichafuka nje huoshwa, na anashangaa kwa nini tumesoma. Lililetwa beseni. Bodaboda alimshika miguu, mwalimu wa sayansi akamsugua kwa sabuni ya mche, na mbele ya wazazi wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja, Kamati ya Pesa Safi ikamwogesha jogoo. Mwalimu mkuu aliuliza maji yatamwagwa wapi. Wakajadili hilo pia. Yakaenda kwenye migomba.

Alivyotoka alikuwa mdogo kama njiwa, shingo nyembamba, kila kitu chake kinaonekana. Nimewahi kunadi sumu iliyokwisha muda, lakini sijawahi kunadi kitu kisichotamanika kama kile. Nilipouliza nani anaanza, uwanja mzima ulisema namba kwa pamoja. Walikuwa wamechoka kushika noti hewani. Walikuja mbele bila utaratibu, kila mmoja akinunua jogoo yule yule kwa wakati ule ule, wengine wakimnunua mkia, mama wa vitenge akisema yeye amechukua jicho moja. Mwenyekiti alijaribu kuuliza mnunuzi halali ni nani, akasukumwa. Tajiri wa mkaa alipita kama wengine, akatumbukiza alichotumbukiza huku ameangalia pembeni. Mwalimu mkuu alimwona. Nilimwona akimwona. Akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Fundi alinyanyua mkono juu ya kichwa, akaunyosha mpaka kwapa likaonekana.

Jogoo alipata mafua, akalala ndani kwangu siku kadhaa, kisha akarudia hali yake.

Jiko lilikamilika kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi, lakini nilitaka kuona bomba likitoa moshi, nikaenda asubuhi ile na wajumbe. Mama mpishi aliwasha mkaa wa magunzi, akafunika, akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni. Juu ya bati ulitoka uzi mwembamba wa moshi. Ndani hapakuwa na kitu, hewa tu. Tulimsubiri akohoe. Hakukohoa. Alikohoa baadaye kidogo, kikohozi cha zamani kilichobaki, lakini hakikumfanya ashike ukuta.

Akaanza kuangalia huku na huku. Kwa miaka yote aliyopika mle ndani alikuwa hajawahi kuuona ukuta wa mbele yake. Ulikuwa mweusi unaong'aa kama ngozi ya kiboko, na juu yake palikuwa na dirisha ambalo masizi yalikuwa yameliziba, hata yeye hakujua lipo.

"Mmenifanya nipike kwenye uchafu huu?" alituuliza.

Mwenyekiti akasema patapakwa chokaa. Mwalimu wa sayansi akasema chokaa nayo, jamani, huwa inachomwa kwa kuni. Mwalimu mkuu akafungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba kamati inakaribia kukaa.

"Tokeni," mama mpishi alisema, akachukua ufagio. "Mnaniziba mwanga."